Mwili Ufikapo Nairobi: Mazungumzo juu ya Chakula, Chumvi na Presha



Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, watu wengi hutoka katika nyumba za Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Jericho na Maringo wakaishika Barabara ya Jogoo, wengine kwa miguu na wengine kwa matatu, waende kazini mjini na katika viwanda vya Industrial Area. Wako na watokao mbali zaidi, Umoja, Kayole na Dandora. Miongoni mwao wamo wengi ambao tangu kuamka hawajatia kitu kinywani ila kikombe cha chai ya sukari nyingi, na chakula chao cha kwanza watakila wakiwa wamesimama kando ya njia: mandazi mawili, au smoki iliyopasuliwa ikajazwa kachumbari, au chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mpaka karatasi ikawa nyeupe. Mtu akiulizwa sababu ya kula hivyo, hujibu kwamba hana wakati wala hana pesa, na jibu lake ni la kweli. Lakini ukweli huo hauubadili mwili. Moyo, mishipa na figo hupokea kile kilicholiwa na kufanya kazi kwa hicho hicho, mwenyewe awe na wakati au asiwe nao.

Katika mazungumzo haya litaelezwa jambo moja hasa, nalo ni jinsi mwili wa mtu atokaye kijijini ubadilikavyo afikapo Nairobi, na mambo ambayo mtu wa mapato madogo, akaaye katika chumba kimoja, aweza kuyafanya ili mwili huo usiharibike kabla ya wakati wake. Yako mengine mengi juu ya afya ambayo hayatatajwa, kwa kuwa mtu aambiwaye mambo ishirini kwa siku moja hurudi nyumbani asikumbuke hata moja.

Habari yenyewe yaanzia mbali na Nairobi, yaani Kisii, karibu miaka mia moja iliyopita. Huko alikuwako daktari mmoja Mwingereza, jina lake C. P. Donnison, akifanya kazi katika hospitali ya serikali. Mwaka 1929 aliandika katika The Lancet, gazeti la madaktari lichapishwalo London, habari za watu 1,000 wa sehemu hiyo aliowapima nguvu ya msukumo wa damu, ambayo watu wengi siku hizi huiita presha. Huko Ulaya ilijulikana kwamba kadiri mtu azidivyo umri ndivyo presha yake ipandavyo. Donnison aliona mambo mengine. Kwa watu aliowapima presha haikupanda uzeeni, bali kwa wale waliopita miaka 40 ilielekea kushuka. Tena alisema kwamba katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini mwake kwa muda wa miaka miwili, hakumwona hata mmoja mwenye maradhi ya presha. Huko Kampala nako maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa kitu kigeni kwa wenyeji, hata ilipofika mwaka 1956 Daktari H. C. Trowell wa hospitali ya Mulago, pamoja na mwenzake Singh, waliona yafaa kumwandika mgonjwa mmoja tu Mwafrika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki.

Walikuwako watu waliozieleza habari hizi kwa maneno mepesi. Walisema kwamba damu ya Mwafrika ni ya namna nyingine, na kwamba maradhi ya presha ni maradhi ya Wazungu na ya matajiri. Maneno hayo yangali yakisikika hata leo katika vibanda vya chakula na katika matatu, nayo ni ya hatari, kwa kuwa mtu aaminiye kwamba ugonjwa fulani si wa watu wa namna yake hatakwenda kupimwa.

Ubishi huo ulikwisha kujibiwa na watu wa Kenya wenyewe, kwa miili yao. Mwaka 1969 Daktari A. G. Shaper na wenzake walitoa habari za vijana wa Kisamburu walioacha kuchunga ng'ombe wakaingia jeshini. Damu yao ilikuwa ile ile ya baba zao, lakini baada ya kukaa jeshini na kula chakula cha jeshi, chenye chumvi nyingi kuliko kile cha nyumbani, presha yao ilipanda.

Lakini uchunguzi uwahusuo hasa wakazi wa Nairobi ni ule uliochapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal. Daktari Neil Poulter na wenzake, Waingereza na Wakenya, walikwenda katika vijiji vya Waluo vilivyo kaskazini ya Ziwa Victoria, wakawapima vijana wa miaka 15 hadi 34. Kisha wakangoja. Kijana alipofunga mzigo wake kwenda Nairobi kutafuta kazi, walimfuata huko wakampima tena, na baada ya miezi kadha wakampima mara nyingine. Na wenzake waliobaki kijijini walipimwa vivyo hivyo ili hao wawili wapate kulinganishwa. Ni kazi ya subira kubwa, na yeyote aliyewahi kumtafuta ndugu yake katika mitaa ya Nairobi kwa jina tu, bila namba ya nyumba, atatambua ugumu wake.

Waliyoyaona yalikuwa ya kushangaza kwa upesi wake. Haukuhitajiwa mwaka wala miaka kumi. Mwezi mmoja tu baada ya kufika mjini, vijana wale walikuwa na presha ya juu kuliko wenzao wa kijijini, na mapigo ya moyo wao yalikuwa ya haraka zaidi. Mkojo wao ulipopimwa ilionekana kwamba sodiamu, yaani ile iliyomo katika chumvi, imezidi sana ikilinganishwa na potasiamu, ambayo hutoka katika mboga na matunda. Chakula kilikuwa kimebadilika, na mwili ulikuwa umekwisha kutoa habari. Hawakuwa wazee, wala watu wanene, wala matajiri. Walikuwa vijana wenye nguvu, waliokuja mjini na sanduku moja, na huenda hata mmoja wao hakusikia maumivu yo yote.

Yafaa ielezwe kwa ufupi jinsi chumvi ifanyavyo kazi hiyo. Chumvi huvuta maji. Ikizidi mwilini, maji hubaki ndani ya damu ili kuizimua, na damu ikiongezeka katika mishipa ile ile, moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa chumvi iliyozidi, na potasiamu huzisaidia katika kazi hiyo. Kwa hiyo mtu azidishaye chumvi na papo hapo akapunguza mboga huudhuru mwili wake mara mbili kwa tendo moja, kama mwenye mashua azidishaye mzigo kisha akauza chombo cha kuchotea maji. Mambo yakiendelea hivyo miaka mingi, kuta za mishipa huwa ngumu, moyo hupanuka, figo huchoka, na siku moja mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Hapo ndipo jirani husema kwamba fulani alikuwa mzima jana jioni, na leo mkono na mguu wa upande mmoja havisogei, na midomo imekwenda kombo. Wako wasemao amerogwa. Hakurogwa, ni kiharusi, na kilianza kutengenezwa zamani sufuriani.

Basi sufuria yenyewe ilibadilikaje? Kijijini, nyumba nyingi zilikula ugali wa mtama, wa wimbi au wa mahindi yaliyosagwa pamoja na kumbi zake, kwa mboga za majani zilizochumwa karibu na nyumba: kunde, mrenda, managu, saga, terere. Kulikuwa na maziwa ya mgando, na kwa watu wa ziwani kulikuwa na samaki. Chumvi ya dukani ilinunuliwa kwa fedha, kwa hiyo ilitumiwa kwa uchache. Katika sehemu za Waluhya mboga ngumu hulainishwa mpaka leo kwa munyu musherekha, yaani maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo yana potasiamu kwa wingi. Bibi wa kijijini hakuwa na habari ya jina hilo, lakini figo za wajukuu zake zilikuwa nayo.

Mjini mambo ni mengine. Mkate una chumvi, ijapokuwa ulimi hauioni. Smoki na soseji zina chumvi nyingi. Unga wa mchuzi wa pakiti, ambao wapishi wengi hawawezi tena kupika bila huo, sehemu yake kubwa ni chumvi, na aliyekwisha kuutia huongeza chumvi nyingine kwa mazoea. Mutura huliwa kwa kuchovya katika chumvi kavu, na nyama choma huletwa mezani na kilima cha chumvi ubaoni. Hata mwenye kununua mahindi ya kuchoma hupakiwa ndimu iliyochovywa katika pilipili na chumvi. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vikijumlishwa kutwa nzima, ni vingi.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa juu, pamoja na ile iliyofichwa katika mkate na vyakula vya dukani. Mtu hawezi kupima gramu jikoni, lakini iko njia nyepesi. Na ichukuliwe nyumba ya watu wazima wanne. Kiasi chao ni gramu 20 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo ingewatosha siku 25, hata kama wasingekula chumvi yo yote nje ya nyumba. Mwenye nyumba na aandike tarehe juu ya pakiti siku aifunguapo. Ikiwa imekwisha kwa majuma mawili, jibu liko wazi bila daktari. Hata hivyo haifai kuacha chumvi kabisa, maana kwa sheria ya Kenya tangu mwaka 1978 chumvi ya kula hutiwa madini ya joto, ambayo huzuia rovu na huwalinda watoto walio tumboni wasizaliwe na akili zilizodumaa. Itakiwayo ni hiyo hiyo, ila kwa uchache, itiwe mara moja wakati wa kupika, na chombo cha chumvi kisikae mezani. Ulimi hulalamika majuma machache, kisha huzoea. Katika siku hizo za kulalamika husaidiwa na ndimu, kitunguu saumu, dania, tangawizi, na pilipili kwa aipendaye.

Hapa wengi watauliza kama mambo haya si ya watu wenye nafasi, na swali hilo lastahili jibu la heshima. Shida ya chakula katika mitaa hii haikuanza kwa ujinga wa wakazi wake. Nyumba nyingi za kwanza za Eastlands zilijengwa kwa ajili ya wanaume waliodhaniwa kuwa hawana jamaa, nao walilala wengi katika chumba kimoja wakapika mahali pamoja. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kufikiriwa kwa ajili ya mume, mke na watoto. Hata mishahara ilipimwa hivyo. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilisema waziwazi kwamba kima cha chini cha mshahara kilihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja peke yake, ikapendekeza mshahara uwezao kuilisha jamaa yake. Mtu asiyepewa mahali pa kupikia wala fedha ya kununulia mboga hawezi kulaumiwa kwa kula mandazi. Miaka mingi imepita tangu hapo, lakini mpangaji wa chumba kimoja Kayole au Dandora, mwenye jiko moja na ndoo moja ya maji ya kununua, angali katika shida iliyo jamaa ya ile.

Kwa mtu huyo maharagwe ni mfano mzuri. Ni chakula bora na cha bei nafuu, yana potasiamu na hujenga mwili, lakini huhitaji saa mbili au tatu za moto, na makaa au gesi ya saa tatu ni ghali kuliko maharagwe yenyewe. Wanawake wa Eastlands wamekwisha kuitatua shida hii bila kungoja kamati. Karibu kila mtaa yuko mama apikaye maharagwe, mahindi na githeri katika sufuria kubwa kando ya njia na kuyauza kwa vikombe yakiwa yamechemshwa tu, bila mafuta na bila chumvi. Anayeyanunua huenda nayo nyumbani akakaanga kitunguu, nyanya na karoti, akatia mboga ya majani, na kwa dakika kumi na tano chakula ki tayari. Hakuna mkahawa mjini utakaompa chakula bora kuliko hicho kwa bei hiyo, na chumvi iko mkononi mwake mwenyewe.

Sukuma wiki nayo imesemwa vibaya bure, kwa sababu ya jina lake, kana kwamba ni ya kulivusha juma tu mpaka mshahara utoke. Ni mboga njema. Ubaya uko katika mapishi: hukatwa nyembamba kama uzi, kisha ndipo huoshwa, kisha hupikwa mpaka ikawa ya rangi ya kahawia, na katika kila hatua kitu huondoka. Ioshwe kwanza, ikatwe baadaye, ipikwe kwa muda mfupi. Mama mboga akitakiwa aikate papo hapo mbele ya mnunuzi badala ya kutoa ile iliyokatwa tangu asubuhi, hakatai. Tena haifai aone haya mtu anayeuliza mboga imetoka wapi, kwa sababu ziko zinazomwagiwa maji machafu ya mifereji na ya mito ya Nairobi. Kuosha huondoa matope na vijidudu vingi, lakini madini ya sumu yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa maji. Managu, terere na kunde, ambazo zamani zilidharauliwa na watu wa mjini kuwa vyakula vya kimaskini, sasa zauzwa Gikomba na Muthurwa kwa wingi, na ni vema kuzibadilisha kila siku chache. Ndizi moja au chungwa moja kwa siku si anasa. Mara nyingi bei yake si zaidi ya ile ya andazi.

Juu ya unga wa ugali, neno ni fupi. Unga mweupe wa pakiti umeondolewa kumbi na kiini cha mbegu. Tangu mwaka 2012 sheria imewataka wenye viwanda waongeze vitamini na madini ya chuma, jambo lililo jema, lakini kumbi hazirudishwi. Unga wa mashine ya posho wabaki nazo, na hulishibisha tumbo kwa muda mrefu zaidi. Ila mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu hata kidogo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai. Inatosha kulijua hilo.

Liko jambo jingine lisilohusu vyakula bali desturi za mezani, nalo ni zito. Katika nyumba nyingi mama hula mwisho. Baba hupewa nyama, watoto hupewa mchuzi, na yeye hukwangua sufuria akala ugali uliobaki kwa chai. Afanyaye hivyo husifiwa kuwa mama mwenye upendo. Huyo huyo huamka wa kwanza, hulala wa mwisho, hubeba maji ghorofani, na akiumwa kichwa humeza vidonge viwili vya dukani akaendelea na kufua. Upendo wake haukataliwi, lakini huo si utaratibu wa haki. Chakula na kigawanywe kabla ya mtu yeyote kuanza kula, sahani ya mama iwe na mboga na kitoweo sawa na za wengine. Mwanamume wa nyumba ndiye awezaye kuligeuza jambo hili kwa neno moja, na ni ajabu jinsi neno hilo lisemwavyo mara chache. Omena, mayai na maharagwe hugawanyika kwa urahisi kuliko kipande kimoja cha nyama, na kwa bei ya robo kilo ya nyama ya Burma jamaa hupata omena wa kutosha watu wote.

Kinyume chake ni kitambi. Bado wako wengi wakionao kuwa ni alama ya mshahara mzuri, na mwanamke akipungua kidogo huulizwa kwa huruma kama ana shida au ana ugonjwa. Uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali ya Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi, na kwa wanawake ilikuwa zaidi ya theluthi. Mafuta yakaayo tumboni ndiyo mabaya kuliko yakaayo mahali pengine, kwa kuwa huvuta kisukari na presha pamoja. Atembeaye kwa miguu kutoka Jericho mpaka Industrial Area kwa kukosa nauli hufanya, bila kujua, jambo ambalo daktari angemwagiza. Akipata kazi bora akaanza kupanda matatu kila siku, na achague kushuka vituo viwili kabla ya kwake. Jioni uwanja wa Camp Toyoyo huwa na vijana wanaocheza mpira, na wazazi wao huketi kando wakitazama. Hakuna sheria iwazuiayo wazazi hao kuuzunguka uwanja mara kadha wakati mpira ukiendelea.

Sasa yabaki mambo ya kupima. Uchunguzi ule wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani mwao. Hizo ndizo habari mbaya kuliko zote zilizotajwa hapa, maana presha haina maumivu. Wako wadhanio kwamba wataijua kwa kizunguzungu au kwa kichwa kuuma. Wengi hawasikii cho chote mpaka siku ya kiharusi. Kipimo peke yake ndicho kiijuacho.

Kupimwa si kazi kubwa. Hufanywa katika vituo vya afya vya mitaani, na katika hospitali kama ile ya Mama Lucy Kibaki. Zaidi ya hayo, mwezi wa Septemba mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye vifaa vya kazi, na ndani yake imo mashine ya kupimia presha na kipimo cha sukari ya damu. Kila mtaa una watu hao, nao huenda nyumba kwa nyumba. Mkazi asiyemjua wa kwake na amwulize mzee wa mtaa.

Atakayepimwa na akae kitini dakika tano kwanza, miguu ikiwa chini sakafuni, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, na awe hakunywa chai wala kahawa wala kuvuta sigara kwa muda wa nusu saa. Asizungumze mashine inapofanya kazi. Apimwe mara mbili. Akifika mbio kutoka kituo cha matatu akanyosha mkono mara moja, atapewa hesabu isiyo ya kweli na hofu isiyo na sababu.

Mashine hutoa hesabu mbili. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, kipimo hurudiwa siku nyingine, na zikibaki hapo hapo daktari huangalia kama dawa zahitajiwa. Zikifika 180 kwa 120, mtu aende hospitali siku iyo hiyo, hata kama anajiona mzima. Aliyepewa dawa huzimeza kila siku, na hapa ndipo watu wengi hukosea: akisha kupimwa akaambiwa kwamba presha imeshuka, hudhani amepona akaziacha, nayo hupanda tena kimya kimya. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Anayetaka kupunguziwa kwa ajili ya gharama, au kwa kuwa zinamchosha, na aseme wazi mbele ya daktari, maana ziko za namna nyingi na baadhi yake ni za bei ndogo.

Hesabu zote mbili ziandikwe katika daftari la nyumbani pamoja na tarehe na jina la aliyepimwa, baba katika ukurasa wake na mama katika wake, na daftari likae mahali pamoja na vitambulisho, ili atakayepima mwakani apate kuona hesabu zilikotoka.